Viti vya Mashoto

Kiwandani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alishona viti vya magari ujana wake wote mpaka kiwanda kilipofungwa. Uzeeni alibaki peke yake katika vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta. Huko ndiko chama cha wapenzi wa magari ya zamani kilikomfuata, kikamwomba aje Jumamosi mchana awasimulie mambo ya kazini.

Walikutana kwenye gereji ya mwenyekiti wao. Magari yalipangwa uani, yamepigwa msasa na rangi, yanametameta kama maharusi. Sindano akapewa kiti cha plastiki kivulini.

Alianza kwa vichekesho. Aliwaeleza jinsi meneja mmoja alivyojifungia kwenye buti ili ahakikishe halipitishi vumbi, mara king'ora cha chakula kikalia, watu wote wakaenda zao kula. "Tulimtoa amelowa jasho chapachapa," alisema, "lakini vumbi hata chembe!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Bibi," akauliza mama mmoja, "kuna magari unayoyakumbuka kuliko mengine?"

Sindano akakunja mikono mapajani. "Yapo. Ila hayo siyakumbuki kwa kicheko."

Akasimulia habari za mdogo wake wa kike, tumbo moja baba mmoja, waliyemwita Mashoto kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto. Walishona ubavu kwa ubavu. Ukingo wa mwisho wa kila kiti ulifungwa kwa mkono. Mishono ya wenzake wote ililala kulia, yake peke yake ililala kushoto. Asubuhi moja Mashoto aliinamia cherehani kama anayetafuta kitu kilichoanguka, asiinuke tena. Moyo.

"Tukamzika. Cherehani yake tukaifunika kitambaa," alisema Sindano. "Niliporudi kazini nikakuta kiti cha nyuma juu ya meza yake. Kimekamilika. Mishono imelala kushoto."

"Kilikuwa cha zamani hicho," mwenyekiti akadakia.

"Ngozi ya kiti hicho ilikuwa imeletwa baada ya mazishi, mwanangu. Msimamizi akadhani ni utani mbaya. Akatushonesha mmoja mmoja mbele yake, na hakuna aliyeweza kuilaza mishono hivyo. Kesho yake tukakuta kingine, kisha vingine. Mwishowe akachoka, akasema, 'Kiti ni kiti, vifungeni magarini.' Tukavifunga. Magari yakatoka getini, nami nikayasindikiza kwa macho. Mambo hayo yalikoma walipoihamisha ile cherehani."

"Bibi anatupiga kamba," kijana mmoja akanong'ona, lakini hakuna aliyecheka.

Akasimama daktari wa meno, mwenye gari jeupe lililokuwa mwisho wa mstari. Uso ulikuwa umempauka. "Mama, hebu njoo unitazamie langu."

Sindano akainama mlangoni, akapitisha vidole chini ya ukingo wa kiti cha nyuma. Akavipitisha tena, polepole. Mishono ilikuwa imelala kushoto.

"Watoto wangu hawakai katikati," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Hubanana madirishani na katikati wanaacha wazi. Nikiwauliza, wanasema pana mtu."

"Anawatisha?"

"Hapana. Wanasema amechoka tu."

Hapo Sindano machozi yakamlengalenga. Akaingia, akakaa pembeni, akaugeukia ule upande mtupu. Watu wote uani walimsikia.

"Mdogo wangu, king'ora kimeshalia. Kiwanda kimefungwa, wenzio wote wamekwenda nyumbani. Inuka, mama. Inuka twende."

Upepo haukuwepo. Daktari, aliyeshika mlango, aliona sponji ya katikati ikipanda taratibu, kama inavyopanda mtu mzito anaponyanyuka. Ngozi ikajikunjua. Mwenyekiti alirudi nyuma hadi akajigonga kwenye boneti.

Daktari ndiye aliyemrudisha nyumbani. Njia nzima macho yake yalikuwa kwenye kioo.

"Tazama barabara, mwanangu," Sindano akamwambia kutoka nyuma.

Walipofika, alishuka, akaushikilia mlango wa gari wazi kitambo, kisha akaufunga bila kelele. Akaaga, akaingia ndani.

Siku hizi watoto wa daktari wanagombania kukaa katikati. Chama kimemwalika Sindano tena, naye amekataa kwa upole, akisema ana mtu nyumbani. Jirani yake wa ukuta mmoja husikia mazungumzo mchana, sauti moja ikiuliza, kisha kimya kirefu, kisha kicheko cha watu wawili. Alipomuuliza mgeni wake ni nani, Sindano alimshangaa.

"Mgeni? Mtu na ndugu yake!"