Marahaba ya Kwenye Kaseti

Juzi kijana mmoja wa mafunzo pale kazini alitueleza, kwa madaha, kwamba siku hizi kuna masomo ya "asinkronasi": mwalimu anasema leo, mwanafunzi anasikiliza anapopata nafasi. Wenzangu walifurahi kama waliotangaziwa mwezi umeandama. Mimi nilicheka hadi nikafuta machozi. Hivyo ndivyo nilivyosoma mwishoni mwa miaka ya tisini, nikifua nguo katika hoteli moja ya Diani, na wala hatukuwa na jina lake.

Nilikuwa nimechoshwa na mashuka. Nafasi ya mapokezi ilikuwa njiani, lakini walitaka mtu anayejua Kijerumani, na mimi niliitaka kazi ile kwa roho yangu yote. Mwalimu alikuwa mama mmoja mstaafu wa Msambweni, aliyewahi kuishi Ujerumani. Alifundisha alasiri tu, na zamu yangu ilibadilika kila wiki. Nikamtuma dereva wa gari la mkate akamwambie nimeshindwa. Dereva akarudi na kaseti.

Niliiweka kwenye redio nyumbani kwetu Kinondo. Kimya. Nikadhani mkanda umeharibika. Kisha sauti ikasema, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Nikaona haya, kwani sikuwa nimemwamkia! Nikarudisha mkanda nyuma, na safari hii nikasema, "Shikamoo, mwalimu," kwa adabu zote. Mama mkwe akachungulia kuona ni mgeni gani aliyeingia bila hodi.

Basi ikawa ndiyo desturi. Yeye husema neno, huacha nafasi, nami hujibu huku nikikuna nazi. Maswali yangu niliyarekodi upande wa pili, dereva akayapeleka. Mama mkwe naye akaanza kujibu kutoka jikoni, tena kabla yangu, jambo lililoniudhi mno.

Siku ya usaili, meneja Mjerumani alijifanya mgeni mwenye hasira: chumba kina joto, maji hayatoki. Akamaliza, akanikazia macho, akanyamaza. Ah! Kimya kile nilikuwa nimekizoea. Nikamwomba radhi, nikamwahidi fundi, nikamuuliza kama angependa dafu wakati akingoja. Akacheka, akanipa mkono. Kazi ikawa yangu! Nilirudi kuyaaga mashuka nikiimba, na sioni haya kusema kwamba niliringa.

Jumapili nikaenda Msambweni na halua. Tulikuwa hatujapata kuonana hata mara moja. Mlango ulikuwa umerudishwa, nikasimama nje.

"Shikamoo, mwalimu."

Ndani kukawa kimya, kile kile cha kwenye kaseti.

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu. "Sauti hiyo naijua, na leo inaringa. Umeipata, eeh? Ingia basi, nikuone uso."