Hapa Hakuna Binti

Kazi ya Thobias ilikuwa kukataa. Wapo wanaolima, wapo wanaofyatua matofali. Yeye alikataa, na alikataa vizuri hata wakamjua kuanzia Murusagamba mpaka Ngara mjini. Watu wakija kuposa, familia ya binti ilimweka Thobias mbele yao awaambie kwamba hapa hakuna binti. Wageni wakisema wameona ua zuri limechanua uani, Thobias aliwaambia labda ni ua la boga. Wakisema wana kiu ya maji ya nyumba hii, aliwaelekeza mtoni. Aliwazungusha mpaka wakatoka jasho, wasikilizaji wakacheka mpaka wakashika mbavu, halafu ghafla akakumbuka kwamba, kumbe, binti mmoja yupo, alikuwa amemsahau tu. Vigelegele! Binti anayetolewa mara moja, bila kukataliwa kwanza, watu hujiuliza ana kasoro gani.

Sasa alijuaje kwamba wageni wametosheka? Hapo ndipo palipokuwa na ufundi. Dada yake, Priscila, alikaa jikoni na wanawake akichungulia nyuso za wageni. Akiziona zimeanza kuchoka, alikohoa. Kaka akisikia kikohozi, anamkumbuka binti. Walifanya hivyo miaka na miaka, na hakuna posa iliyowahi kuharibika mikononi mwao.

Halafu ikaja korona.

Redio ilisema nchi za watu wamefungiwa majumbani. Sisi hatukufungiwa. Mtendaji wa kijiji, Tomasi, alipita tu na kipaza sauti juu ya bodaboda, akitangaza kwamba asiye na kazi ya lazima abaki kwake. Ikabidi kila mtu ajipime mwenyewe. Mama anayeuza rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, alijipima akajikuta ni wa lazima. Kinyozi naye. Mpiga picha naye. Hata wale wacheza bao wa pale senta walijadiliana, wakaafikiana kwamba ni wa lazima. Basi Thobias angejitoaje? Kila asubuhi alivaa koti lake la kijivu na barakoa ya kitenge, akachukua fimbo, akaenda kukaa kwenye benchi la pale senta ambapo wenye mabinti walizoea kumkuta.

"Shikamoo mzee," mtendaji akamwambia. "Nilitangaza kazi za lazima."

"Marahaba. Nipo kazini."

"Kazi gani, mzee wangu? Mikusanyiko imezuiwa. Hakuna posa."

"Ndiyo maana nipo. Ikija, wasinikose."

Mtendaji akapanda bodaboda, akaenda zake.

Tuseme ukweli: Thobias hakupenda kukaa nyumbani. Mkewe alikwisha fariki, na watoto wake wote walikuwa Deodata peke yake, mwenye miaka thelathini na miwili, fundi cherehani. Mzee alikuwa amewatoa mabinti wa kata nzima, wa kwake yuko palepale. Mganga hajigangi, watu walinong'ona. Deodata alikuwa akiwashonea wenzake magauni ya harusi. Sasa alishona barakoa, na mtendaji mwenyewe alimtaja hadharani kuwa mtu wa lazima. Baba na binti walikula ndizi na maharage meza moja bila kuligusia jambo hilo.

Ndipo akatokea Renatus. Alikuwa mnunuzi wa maharage kutoka Nemba, kule Biharamulo, na suruali yake ilichanika kwenye mlango wa gari. Deodata akaishona. Wiki iliyofuata akaleta nyingine, nayo imechanika, ila hii ilionekana wazi kwamba imechanwa kwa mkasi. Deodata akaishona pia. Ya tatu ilipokuja, akamwambia baba yake:

"Baba, huyu nampenda. Watakuja kuposa. Nakuomba kitu kimoja: usinizungushie."

"Mimi?" akasema Thobias.

Mtendaji aliruhusu posa kwa masharti: wageni watano, wenyeji watano, mita moja kati ya mtu na mtu, na yaishe kabla ya saa sita. Kule Nemba, mzee Wiston, baba yake Renatus, akapanga watu wake. Dereva ni wa lazima, maana gari halijiendeshi. Mwenyewe wa lazima. Mkewe wa lazima, na kaka yake mkubwa, na kijana anayeoa. Gari likajaa. Aliyebaki ni mshenga wao, mtu pekee aliyejua posa za sisi Wahangaza wa Ngara zilivyo, akaambiwa yeye si wa lazima.

Na huku kwetu? Desturi inataka baba wa binti anyamaze na mwingine ndiye aseme. Thobias alifikiria nani wa kumpa kazi hiyo, akapita kata nzima kichwani, akaona hakuna anayejua kukataa isipokuwa yeye. Akajipa mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Methali hiyo aliijua, kwani aliitumia sana kwenye posa za watu.

Sasa mjue Wiston alivyo. Ni mzee wa kanisa, mrefu, asiye na maneno. Akienda dukani akauliza kama kuna sukari, akaambiwa hakuna, anaondoka. Hasemi, "Hebu tazama vizuri." Ameambiwa hakuna.

Siku ya posa, wageni walipokwisha kunawa na kusalimiana kwa viwiko, Wiston alisimama. "Tumekuja kumposea kijana wetu Renatus binti yenu Deodata," akasema, na akaketi. Alikuwa amemaliza.

Thobias alisubiri. Hakuna ua, hakuna kiu, hakuna ndama aliyepotea. Lo! Watu gani hawa? Lakini miezi mitatu ya benchi tupu ilikuwa imemjaa kifuani, akaanza.

"Mgeni wangu, umepotea njia. Hapa hakuna binti."

Wiston akamgeukia mwanawe. "Uliniambia yupo."

"Baba, ile ni—"

"Nyamaza. Mwenye nyumba anazungumza."

"Jogoo tunaye," Thobias akaendelea, na utamu ukampanda kichwani. "Mbuzi tunao. Binti hatuna. Na hata angekuwepo, huko Nemba angefika kwa lipi? Mtoto wa watu akaenda kuanikwa juani kama muhogo?"

Majirani wawili waliobahatika kuruhusiwa wakacheka. Wageni hawakucheka. Mama yake Renatus alikunja kitenge chake vizuri mapajani, kama mtu anayejiandaa kuinuka. Huko jikoni Priscila akaziona zile nyuso, akaona zimeharibika, akafanya alichofanya miaka yote. Asubuhi ile alikuwa amejifukiza kwa nyungu ya majani ya mkaratusi na kifua kilikuwa kimefunguka. Alikohoa mara tatu, na kikohozi kikasikika mpaka barabarani.

Wageni wote wakageukia jikoni.

"Mama yangu! Mna mgonjwa ndani!" akasema mama yake Renatus, na tayari alikuwa amesimama.

"Si mgonjwa, ni dada yangu!" Thobias akasema kwa furaha. "Na sasa nimekumbuka, binti yupo!"

Nani atamsikiliza mtu anayekumbuka, wakati jikoni kuna anayekohoa? Renatus alijaribu kusema, mama yake akamvuta kwa mkono wa shati mpaka garini. Wiston alibaki nyuma kidogo, maana ni mtu wa adabu. "Poleni na mgonjwa," akasema. "Mtusamehe kwa usumbufu. Sisi tuliambiwa kuna binti."

Vumbi lilikuwa halijatua Deodata alipotoka, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe.

"Ni desturi, mwanangu," akasema Thobias.

"Nilikuomba usinizungushie." Hakupaza sauti. "Mabinti wa watu wote umewatoa, baba. Mimi tu ndiye hutaki nitoke."

Thobias akalitazama lile gauni. Kauli ile ilimuuma kwa sababu ilikuwa kweli.

"Wafuate!" Priscila akapiga kelele kutoka jikoni. "Mdomo wako umetuponza, basi nenda nao!"

Akapakiwa bodaboda, koti linapepea, fimbo kaisahau. Barabara yetu mnaijua: makorongo na mawe. Aliwakuta kizuizini, mahali ambapo kila gari lilisimama abiria wanawe mikono. Wengine walinawa vidole tu wakapita. Wiston, baada ya kile kikohozi, aliinawisha familia yake mpaka viwikoni, kisha shingoni, na alipofika Thobias alikuwa ameanza kumnawisha dereva.

Thobias alikuwa ameandaa maneno njiani: kuhusu mgomba na chipukizi lake, na mvua inayochelewa lakini inanyesha. Yalikuwa mazuri. Wiston akainua mkono uliojaa povu.

"Mzee mwenzangu, mimi maneno sijui. Nakuuliza mara moja. Binti yupo au hayupo?"

Thobias akaiona nyumba yake. Akasikia cherehani ya Deodata, ile ambayo yeye husinzia kwenye kiti akiisikia kila jioni, na akajua kwamba akijibu, sauti hiyo itahamia Nemba. Alitaka kukohoa, lakini mgambo alikuwa amesimama pale na kipima joto.

"Yupo," akasema. "Ni wangu. Ninaye huyo mmoja tu. Mchukueni." Na machozi yakaingia ndani ya barakoa.

Wiston alisuuza povu taratibu. "Basi," akasema. "Si ungesema."

Walifunga ndoa parokiani, watu wachache, madirisha wazi. Deodata alimkumbatia baba yake muda mrefu, hakukuwa na mita moja wala nusu, na mtendaji Tomasi akatazama paa la kanisa. Cherehani ilifungwa kwa kamba juu ya gari. Priscila alirudi kwake.

Siku zilizofuata Thobias hakwenda senta. Alivaa koti akaketi kizingitini, na ndipo alipokuja mama mmoja wa ng'ambo ya kijito, aliyekuwa hajapata habari.

"Hodi! Shikamoo mzee. Nimefuata barakoa. Deodata yupo?"

"Marahaba," akasema Thobias. "Hapa hakuna binti."

Yule mama akacheka. Ahaa, mzee na mambo yake! Akavuta kigoda, akakaa, akangoja akumbuke. Thobias naye akangoja, sikio ameliegemeza upande wa jikoni. Hakuna aliyekohoa.