Picha ya Kumi na Mbili ya Elida

Elida Etcheverry alirithi kamera ya baba yake kwa sababu kaka zake hawakuitaka. Wao waligawana ng'ombe na shamba. Yeye akaondoka na kile kidude cheusi kinachofunguka kwa mbele kama kodiani, amekifunga ndani ya sweta. Njiani mumewe, Ademar, akamwambia wamepunjwa.

"Waliopunjwa ni wao," alisema Elida.

Siku za kazi alikuwa kwenye cherehani. Nusu ya watoto wa mji wa Paysandú walikwenda shule na koti jeupe alilolishona yeye. Ademar alifanya kazi kiwanda cha ngozi, na ikifika Jumapili wanatoka wote wawili na kamera. Elida hakupenda vitu vya kushangaza. Alipiga picha kiti cha kinyozi, mikono ya mtu anayemenya chungwa, mbwa aliyelala mlangoni pa benki. Filamu moja ilikuwa picha kumi na mbili, na aliweza kukaa nayo msimu mzima.

Ile kamera haikufanya kitu chenyewe. Filamu uliisogeza kwa kuzungusha ufunguo kwa mkono, huku ukichungulia nambari kwenye kidirisha chekundu mgongoni mwake. Ukisahau kusogeza, picha mbili zinalaliana. Elida akishapiga anasogeza hapohapo, hata pumzi hajavuta. Ademar alifundishwa na mjomba wake kusogeza pale tu unapotaka kupiga, ili filamu isilegee. Kila mtu na yake, na kamera ni moja. Ikitoka kwa mke kwenda kwa mume, wote wawili wamesogeza, nafasi moja inapita tupu. Ikirudi kwa mke, hakuna aliyesogeza. Ndivyo Coca, shangazi yake Elida, alivyotokea pichani na pembe za fahali.

"Mzee, umemwoza shangazi yangu kwa fahali."

"Angalau kapata mume."

"Ukinirudishia kamera, sogeza kwanza. Jambo dogo hilo linakushinda?"

"Na wewe ukinipa mimi, usisogeze."

"Siwezi. Ni kama kutoka nje uache mlango wazi."

Walizeeka bila kuafikiana.

Asubuhi moja ya Julai mvua ilinyesha, na Ademar akawa jikoni anakaanga maandazi bapa, kama kila nyumba ya mji ule ikinyesha. Nyuma yake akasikia mlio mdogo wa kamera. Mafuta yalikuwa yanapiga kelele. Hakugeuka.

"Unamaliza filamu kwa mgongo wangu."

"Ndio upande wako mzuri," alisema Elida.

Akaiweka kamera juu ya friji, akaketi, akasema amechoka kidogo. Jioni alikuwa hospitali. Hakurudi nyumbani.

Kamera ilibaki juu ya friji. Ademar alipofuta vumbi aliizunguka.

Klabu yao ya picha ilikuwa ya watu wachache, wengi wao wana kamera za marehemu: ya baba, ya shangazi, ya mume. Walikuwa na desturi yao. Mwenzao akifa, filamu iliyobaki kwenye kamera yake haisafishwi ikiwa na nafasi tupu. Mtu wa nyumbani humalizia, kisha picha zote hutundikwa pamoja. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba walikuja wawili. Irma alikuwa rafiki wa Elida tangu usichana. Washington alikuwa dereva wa basi mstaafu, na bafu la nyumba yake ndilo lililokuwa chumba cha giza cha kusafishia picha za klabu. Irma alijaza yerba, majani ya chai ya kwao, kwenye kibuyu, akamimina maji ya moto. Washington akaishusha kamera kama anayeinua mtoto aliyelala, akachungulia kidirisha.

"Kumi na mbili."

"Basi imebaki moja," alisema Irma. "Alipiga ya kumi na moja, akasogeza. Piga hiyo, shemeji, tukasafishe."

"Au alipiga ya kumi na mbili, hakusogeza," alisema Ademar.

"Elida? Asisogeze?"

"Alikuwa mgonjwa, Irma."

Irma akaongeza maji kwenye kibuyu.

"Mimi nasema sogeza tu," alisema Washington. "Ikitoka tupu, itoke tupu."

"Wewe nyamaza," alisema Irma. "Nyie wa kusogeza dakika ya mwisho ndio mnaowapa shangazi za watu pembe."

"Na nyie mnaacha filamu inalegea kama soksi ya babu."

"Soksi yako wewe."

Walishindana mpaka kibuyu kikapoa mkononi mwa Irma. Ademar hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa anajaribu kukumbuka kama, baada ya ule mlio, alisikia ufunguo wa filamu ukizungushwa. Alikumbuka mafuta tu.

Mwishowe akawachukua wote wawili mpaka ukingo wa mto, akawasimamisha mbele ya maji. Irma akapanga nywele. Ademar akaweka jicho. Ikiwa Elida hakusogeza, hawa wawili watakwenda kukaa juu ya asubuhi ile, juu ya kikaango na kila alichokiona yeye nyuma ya mumewe. Hakuna nyingine kama hiyo. Kidole kilikuwa kwenye kitufe.

"Shemeji, tabasamu langu linachacha."

"Mwache," alisema Washington.

Ademar akaishusha kamera. Akashika ufunguo, akazungusha. Karatasi ya mgongo wa filamu ikakwaruza ndani, ile nambari ikatoka kidirishani, naye akaendelea kuzungusha mpaka filamu ikaisha.

"Umeogopa," alisema Washington. Hakusema kwa dhihaka.

"Nimeogopa."

"Hukumwamini," alisema Irma.

"Mkono wake wa kila siku nauamini. Wa siku ile sikuujua."

Walisafisha jioni hiyohiyo bafuni kwa Washington, huku mkewe akigonga mlango na kuuliza kama wenye haja wakajisaidie kwa jirani. Filamu ilipotoka kwenye dawa, Washington akaisuuza, akaibana kwa vibanio vya nguo juu ya beseni. Wakahesabu kutoka ya kwanza. Kinyozi. Chungwa. Irma mwenyewe, amefumba macho, akalalamika. Ya kumi na moja ilikuwa mgongo wa Ademar, kikaango na moshi. Ilitoka na ukungu, kingo zote zimetikisika. Elida hakuwahi kupiga picha iliyotikisika.

Baada ya hiyo, ya kumi na mbili. Ilikuwa angavu kama kioo cha dirisha. Hapakuwa na kitu.

Ademar aliitazama sana. Mkono ulioshindwa kutuliza kamera ulikuwa umeushika ufunguo, ukauzungusha wote, mpaka nambari ikakaa katikati ya kidirisha. Halafu ndipo akaketi akasema amechoka kidogo.

"Alisogeza," alisema.

"Nilikwambia." Irma alijifuta pua kwa taulo la Washington.

"Uliniambia."

"Umemtupia nafasi yake moja."

"Nimeitupa." Bega lake likaanza kutikisika, na Washington akadhani analia. Alikuwa anacheka. Kulia kulikuja baadaye kidogo. "Angenisema wiki nzima."

"Wiki? Kumbe hukumjua."

Klabu ilitundika zote kumi na mbili, kama desturi. Nafasi tupu ikichapwa kwenye karatasi hutoka nyeusi, na Washington hakutaka kuiacha. Ikawa mwisho wa mstari, imefungiwa fremu kama wenzake. Watu walisimama mbele ya kinyozi, wakacheka kwa Irma. Mama mmoja mgeni akafika kwenye ile nyeusi, akarudi nyuma hatua moja, akamwona mzee amesimama pale na mikono mifukoni.

"Samahani, baba. Na hii?"

"Hiyo ni yangu," alisema Ademar. "Yeye alishasogeza. Mimi nikasogeza tena."