Kiti Chini ya Feni

Umeme wa maporomoko ya mto Tshopo ulipofika ofisini kwetu, katika miaka ile ya hamsini, zililetwa feni mbili. Moja ilikwenda chumbani kwa shefu, mkuu wetu, ya pili ikafungwa juu ya meza ya karani aliyepiga chapa barua. Karani huyo nilikuwa mimi. Tulikuwa makarani wanane, nami peke yangu nilipepewa kutwa nzima kama mwana wa sultani. Nilivimba kichwa, sikatai.

Kwenye meza ya jirani alikaa Mwislamu mmoja kutoka Maniema. Alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa. Alianza kazi pale kabla yangu, na kwa haki mashine ya kupiga chapa ingekuwa yake, lakini nilipewa mimi. Siku ya kwanza feni ilipozunguka aliitazama kitambo, kisha akaniambia taratibu, "Ndugu, songesha kiti yako kidogo. Ile upepo itakukausha macho."

Nilicheka moyoni. Nikasema, huo ni wivu tu.

Majuma matatu baadaye macho yakaanza. Asubuhi yalikuwa salama. Ikifika saa nne yanawasha kana kwamba nimetiwa mchanga, yanakuwa mekundu, kisha machozi yanatiririka mpaka kwenye karatasi. Nilisimama kila mara kujifuta, na barua zikachelewa. Shefu akaniambia kwamba karani asiyeona hana kazi kwake. Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na maneno yale yaliniondolea usingizi.

Mke wangu ni wa ukoo wa wavuvi wa kwenye maporomoko ya mtoni. Jioni nilikaa naye jikoni, yeye akikausha samaki kwa moshi, mimi nikifikicha macho na kumweleza. Akaniuliza nani aliyeyataja macho yangu kabla hayajaugua. Nikamtajia. Tukatazamana. Kwetu sisi, anayeutaja ugonjwa kabla haujafika ndiye aliyeutuma, na shahidi mwingine hatafutwi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na nikajiona mwerevu.

Saa sita makarani wote tulikula barazani nyuma ya ofisi. Kila mmoja alileta chake, huyu wali, yule samaki, mimi lituma ya ndizi aliyoitwanga mke wangu, na vyote tuliviweka kwenye sinia moja. Hiyo ndiyo iliyotufanya ndugu, maana makabila yetu yalikuwa mbalimbali. Siku iliyofuata nilikaa mbali na sinia. Wenzangu waliponiuliza, niliwanong'oneza mmoja mmoja. Sikumwambia yeye hata neno. Kabla juma halijaisha, yaya alikuwa akila peke yake, amegeukia ukuta, na wali wake mwingi akirudi nao nyumbani. Mimi niliona haki imetendeka.

Macho, hata hivyo, hayakupona. Mama mkwe alinitonea maji ya majani, nikalia kwa uchungu usiku kucha, na asubuhi kope zilikuwa zimegandana. Ndipo nilipokwenda zahanati. Muuguzi, mzee mpole mwenye mvi, alinipa gazeti nisome mbele yake, akawa ananitazama tu usoni.

"Papa, unasoma, lakini haupepese macho hata kidogo," alisema. "Kazi yako iko gani?"

Nikamweleza mashine, na feni, na jiko la moshi.

"Bon. Macho yako iko kavu."

Nikamwambia yanamwaga maji kutwa.

"Ndiyo. Inalia sababu iko kavu. Inatafuta maji, lakini ile maji ya kulia haikae. Donc, toka chini ya vantilatere. Kaa mbali na moshi. Ukipiga barua moja, inua uso, angalia mbali, funga macho, fungua. Mangaribi, weka kitambaa safi ya maji ya vuguvugu juu ya kope. Na ile majani, acha kabisa. Usipopona, rudia tuone."

Nilihamisha meza mpaka dirishani. Nilifanya yote aliyosema, na siku ya kumi niliamka macho meupe, hayawashi. Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliketi kitandani nikaona aibu kiasi cha kushindwa kuvaa viatu. Yaya alikuwa amenionea huruma, basi.

Saa sita nilichukua lituma yangu nikaenda kukaa mbele yake, pale ukutani.

"Yaya, ilikuwa upepo," nilimwambia. "Unisamehe."

Alinitazama macho, jicho moja kisha la pili, kama anayehakikisha yamepona kweli.

"Mimi nilijuaka," akasema. "Ambia wale."

Nikasimama nikawaambia wote sita, kwa sauti, kwamba nilikuwa nimemsingizia mtu. Hakuna aliyecheka. Karani mmoja akabeba sinia akaileta ukutani, wengine wakamfuata, na tukala pamoja. Yaya alinimegea samaki upande wenye nyama. Nilidhani yamekwisha.

Kesho yake shefu akaniita. Majuma mawili nyuma, alipokuwa akila peke yake, yaya alikuwa ameomba kuhamishwa, na ombi lilikuwa limekubaliwa juu. Anakwenda Bafwasende, ofisi ya msituni, na familia yake yote. Nikamsihi shefu alifute. Akanijibu kwamba mambo hayafutwi kwa sababu makarani wamepatana, akanipa barua ya uhamisho huo niipige chapa kabla ya saa sita.

Nilikaa dirishani nikaipiga. Macho yalikuwa mazima kabisa siku ile, na jina lake nililikosea mara mbili.