Visigino vya Yaya Zaina

Niliondoka Kailo kwa sababu dada yangu mkubwa, Zaina, ambaye kwetu namwita Yaya, alikuwa amewekewa mguu wa bandia kule Kindu, na binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Alitaka kuingia uwanjani akicheza kama mama yeyote wa bibi arusi, bila mikongojo. Kilichokosekana ni viatu. Mguu wenyewe aliupoteza wakati wa vita: tulipokimbilia porini alinibeba mgongoni, risasi ikampata yeye. Basi viatu hivyo nisingemwachia fundi mwingine. Na Kailo nzima hakuna fundi wa kunishinda, ukiniuliza mimi.

Njiani pikipiki ilizama kwenye tope. Dereva alivua viatu. Mimi nilikataa, kwani fundi viatu ataonekanaje pekupeku? Tope likanivua lenyewe. Boksi la viatu vya Zaina nililiinua juu ya kichwa, lakini vyangu vyenye ncha viko huko mpaka leo.

Alunguli, ng'ambo ya Kindu, nilipanda mtumbwi kuvuka Lualaba. Abiria mmoja aliniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akaitazama miguu yangu.

"Mganga hajigangi," akasema, na mtumbwi mzima ukacheka.

Kindu, kwenye kituo cha mazoezi, nilifungua boksi kwa mbwembwe: ngozi nyekundu, visigino virefu vya harusi. Zaina alivipapasa. Mama Furaha, anayemfundisha kutembea, akavigeuza.

"Papa, ile muguu tuliipangia kiatu ya chini. Ukiinua kisigino, goti itasukumwa mbele, ataanguka."

"Lakini iko muzuri," nikasema.

"Iko muzuri sana. Ataanguka muzuri."

Niliona aibu hadi masikioni. Nilifumua visigino, nikanyoosha soli, nikapigilia vipande vya tairi. Mama Furaha alimtembeza Zaina mpaka ukutani na kumrudisha. Goti lilitulia.

Jumamosi Zaina aliingia uwanjani akicheza polepole. Mimi nilikuwa ubavuni, tayari kumdaka, huku nikichechemea kwa mwiba ulionichoma njiani. Wageni walinionea huruma mimi.

"Unishike mukono, ndugu yangu," akaninong'oneza. "Weye njo utaanguka, si miye."

Nikamshika, nikalia mbele ya watu wote.

Nilirudi Kailo na kandambili za kuazima, visigino vyekundu mfukoni. Sasa mteja akija, simpimi mguu kwanza. Namwomba atembee, nami nanyamaza, namtazama.