Waziri wa Mwani Aandika Wasia

Serikali ya kijeshi ya kwao ilipungukiwa na mengi: dawa, dizeli, na waandishi wa habari walio nje ya jela. Haikupungukiwa na mihuri. Barua iliyomfikia Haidar nyumbani kwake Seven Hills, Sydney, Agosti ya 2021, ilikuwa na mihuri minane. Ilimwarifu kwamba yeye, aliyekuwa Waziri wa Kilimo na Mazao ya Bahari kwa miaka miwili na miezi minne, amepatikana na hatia ya uzembe katika mahakama ambayo hakuitwa, na kwamba atalipa kutoka mfukoni mwake hasara yote ya sera yake ya mwani: bilioni sita, milioni mia mbili na kumi na nne, na senti sabini. Alipewa siku thelathini. Kwa kuwa ndege zilikuwa chache mwaka ule, barua ilikuwa imesafiri siku tisini na moja.

"Senti sabini tunazo," alisema mkewe, Ghaliya, akiisoma kwa miwani ya mumewe. "Ziko kwenye kopo la vifungo."

Haidar alikuwa na miaka sitini na miwili, na kazi yake ilikuwa kupanga maboksi ya shampuu katika ghala moja nyuma ya stesheni. Wenzake walimwita Mheshimiwa. Jina hilo alibandikwa na Vénérand, dereva wa foklifti kutoka Bukavu, ambaye siku moja alifanya kosa la kumuuliza zamani alikuwa anafanya kazi gani. Barua ilipofika, Haidar alimpigia simu akamsomea.

"Papa, félicitations, hongera!" alipiga kelele Vénérand. "Maskini hawamudai milliards. Miye kwetu walinifukuza bure, hata facture, hata bili, hawakunipa."

Haidar alipiga hesabu pembeni mwa bahasha. Akiweka dola mia mbili kila baada ya wiki mbili, bila kuugua na bila kula nyama, angemaliza baada ya miaka mia saba. Kanali aliyeipindua serikali yao, aliyeahidi kushika madaraka miezi sita tu na sasa alikuwa katika mwaka wa tisa, bila shaka angekuwapo kupokea awamu ya mwisho. Kanali mwenyewe alikuwa ameinunulia nchi treni ya umeme, nchi ambayo umeme hukatika kila mchana saa saba. Treni ilikuwa bado bandarini, kuku wakitaga ndani yake. Hakuna aliyempelekea bili. Hasara ya aliyechaguliwa huitwa uzembe. Ya aliyejichagua huitwa maendeleo.

Hata hivyo Haidar hakucheka, na Ghaliya aliliona hilo.

Sera yenyewe ilipendeza sana kwenye karatasi. Serikali ingenunua mwani wa akina mama kwa bei mara mbili ya ile ya wachuuzi, ingeuweka, bei ya dunia ingepanda, kisha ingeuuza kwa faida. Bei ya dunia haikuisoma sera hiyo. Ilishuka. Maghala yalijaa, mwani ukashika unyevu, ukaoza, ukanuka hadi wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya. Mavuno ya msimu wa mwisho yalipokelewa kwa stakabadhi tu: chukua karatasi, mama, pesa baadaye. Hiyo baadaye ilifika ikiwa juu ya vifaru.

Siku tatu baada ya barua, mwenzake Haidar kazini, wa zamu ya asubuhi, alilazwa kwa korona, na wiki haikuisha kabla hajazikwa. Ghala lote liliambiwa likae nyumbani siku kumi na nne. Haidar alikaa mezani, akachukua daftari, akaanza kuandika wasia. Wasia wa Mwislamu hauanzi na nani atapata nini, unaanza na marehemu anadaiwa nini. Kabla maiti hajafukiwa huulizwa: nani anamdai? Ajitokeze. Sheria za Sydney ziliruhusu watu kumi tu makaburini, lakini Haidar alimwona waziwazi Kanali akiingia kwa Zoom, kamera imezimwa, ameinua mkono.

"Baba Aqil," alisema Ghaliya, "ukiliandika deni hilo humo, ujue unaniandikia mimi na mwanao."

"Nisipoliandika, na likawa la kweli?"

"La kweli kwa nani? Kwa yule aliyechukua hata feni yetu ya dari?"

Haidar alifunga daftari. Asubuhi iliyofuata mlango uligongwa. Alichungulia kwenye pazia akaona polisi mmoja na wanajeshi wawili wenye sare za mabakamabaka. Serikali ya huku ilikuwa imewatuma vijana wa jeshi kupita mitaa ya magharibi ya Sydney kuhakikisha waliotengwa wametengeka. Jambo hilo lilitangazwa kila saa kwenye televisheni. Lakini mtu aliyewahi kupinduliwa haamini televisheni. Nyuma ya mlango, tangu walipohamia pale, Haidar aliweka mkoba wenye shati, sabuni, kofia na dawa za presha. Aliuchukua, akafungua mlango, akataja jina lake na majina ya babu zake watatu, kisha akasema kwa Kiingereza cha bungeni kwamba yuko tayari na anaomba mkewe asisumbuliwe.

Mwanajeshi aliyekuwa mbele, binti mwenye madoa ya jua puani, aliutazama mkoba.

"Hapana, mzee," alimwambia polepole. "Tumekuja kuhakikisha huendi popote. Kuna kitu mnahitaji?"

Waliacha boksi la tambi, biskuti na makopo ya maharage.

"Wa kwetu huchukua, hawa wanaleta," alisema Ghaliya. "Usije ukazoea." Kisha akaona mumewe bado ameushika mkoba, akamwondolea taratibu. "Haya. Sema ni nani hasa anayekunyima usingizi. Maana si Kanali."

"Bi Huda," alisema Haidar.

Bi Huda aliishi Campbelltown, pembezoni mwa jiji hilohilo, kwa binti yake. Huko kwao alikuwa mkulima wa mwani, na msimu ule wa mwisho alipeleka magunia kumi na moja. Kwa miaka saba walikutana kila Idi, wakapeana mkono, wakaulizana hali, na mwani haukutajwa hata mara moja. Haidar aliuita ukimya ule adabu. Sasa alianza kuuona kama faili lililofunguliwa.

Alimpigia simu ya video. Bi Huda alikuwa akichambua dengu.

"Bi Huda, nina jambo zito."

"Korona?"

"Hapana."

"Basi si zito. Sema."

Alimweleza yote: barua, wasia, magunia. "Naomba unisamehe. Au nitajie bei, nikulipe kidogo kidogo."

Bi Huda aliinuka, akapotea, akarudi na karatasi ndani ya plastiki. Akaisogeza kwenye kamera. "Hiyo hapo stakabadhi yangu. Nisomee, mdaiwa ni nani?"

"Serikali."

"Jina lako liko wapi?"

"Halipo. Lakini sera ilikuwa yangu, Bi Huda, na ilikuwa mbovu."

"Mbovu? Hiyo heshima unajipa. Ulikuwa waziri wa hovyo, Haidar, nisikufiche kwa kuwa uko karantini. Mwezi mmoja tu ulikuwa umebaki tupige kura. Nilishawapanga wanawake sabini, kijiji kizima, na hakuna hata mmoja wa kukupa. Tungekutoa mchana kweupe, ukarudi kwenu kufuga kuku." Dengu moja mbovu iliruka kando. "Halafu wakaja hao na bunduki zao wakakutoa wao. Zamu ilikuwa yangu!"

"Basi nisamehe."

"Sikusamehe. Nikikusamehe nitakuwa nimekubali kwamba deni ni lako, na Kanali atatoka msafi. Ghala analo yeye, muhuri anao yeye, basi na deni alibebe. Wewe sikudai mwani, hapa wala mbele ya Mungu. Andika hivyo. Na huyo mkeo mwambie bado ana bakuli langu."

Haidar aliandika mpaka adhuhuri, ingawa yalikuwa maneno machache. Ghaliya alivaa ile miwani akasoma: *Madeni. Vénérand, dola arobaini za petroli. Bi Huda wa Campbelltown, bakuli moja. Bi Huda huyohuyo hanidai mwani, ila ananidai uchaguzi mmoja.*

"Hilo la mwisho tutalilipaje?"

"Nyinyi hamliwezi. Uchaguzi ukiitishwa kwetu, hata nikiwa na mkongojo, nitakwenda kugombea jimbo lile lile la Bi Huda, aninyime kura yake."

Ghaliya aliutazama ule mkoba, akatoa lile shati na kulitupa kwenye nguo za kufua.

"Basi itabidi usife," alisema, akaenda jikoni kutafuta kifungulio cha makopo.