Godelive na Kiatu cha Kushoto

Watu wa Bigo, mtaa mmoja wa Bunia, wasiomjua vizuri Godelive humsifu kwa adabu. Akikutana na mtu njiani, awe padri au muuza sabuni, huinamisha macho kabla ya kutoa salamu, na wazee husema, tazameni, huyo kweli alilelewa. Waliomzoea wanajua mambo yalivyo. Godelive anakagua viatu. Salamu huja baadaye, na uzito wake hutegemea alichokiona huko chini.

Ni fundi wa kushona, lakini nguo kwake ni kazi tu. Raha yake ni kiatu. Ngozi huitambua kwa kuinusa, na kisigino kilichobandikwa kwa gundi hukikamata kwa kukigonga na ukucha. Shida ni kwamba alipewa jicho la tajiri na mfuko wa fundi cherehani. Ndiyo maana siku balo la viatu vya mitumba likifunguliwa sokoni, mteja aliyekuja kuchukua suruali yake atangoja, na akinung'unika atangoja zaidi.

Ugonjwa huu una chanzo chake, na si cha kucheka, ingawa mwenyewe hukicheka. Wakati wa vita vya zamani, alipokimbia kutoka Djugu akiwa msichana, alimbeba mgongoni Claire, mtoto wa marehemu dada yake, na gizani akachomeka miguu katika ndala mbili zilizokuwa mlangoni. Kulipokucha akagundua zote mbili ni za kushoto. Aliingia Bunia hivyo hivyo, mguu wa kuume ukichungulia pembeni, na mama mmoja aliyekuwa akichota maji akaitazama miguu ile, kisha akageuza uso kwa huruma. Njaa ya siku zile Godelive ameisahau. Jicho la yule mama hajalisahau mpaka leo.

Basi, asubuhi moja ya msimu wa mvua, muuza mitumba aitwaye Honoré alikata kamba za balo jipya, akamwaga viatu juu ya turubai. Viatu hivyo hufungwa jozi kwa jozi vikianza safari, lakini njia ni ndefu na uzi ni mbovu, kwa hiyo vingine hufika vimeachana. Godelive alikiona kile kiatu hata kabla hakijatua: rangi ya divai, ngozi halisi, kisigino kirefu chenye heshima zake, na kifungo cha dhahabu pembeni. Akakidaka. Kilikuwa cha kushoto. Moyo ukamwambia, kushoto tena.

Akapiga magoti, akalichakura lile rundo kama kuku. Cha kuume akakiona kweli, ila kilikuwa mkononi mwa mtu, ng'ambo ya pili ya turubai. Mwenye mkono alikuwa mama mnene wa kitenge cha kijani, naye alikuwa anachakura vilevile, akitafuta cha kushoto.

"Mama, ile kiatu iko yangu," Godelive alisema. "Mi njo nilianza kuiona."

"Kuona si kushika," yule mama alijibu. "Mi nilishika."

"Na mi nimeshika ya kushoto."

"Basi, uvale ya kushoto."

Sheria ya turubai inajulikana soko zima: aliyeshika ameshika. Walioitunga hawakumfikiria mtu wa kushika nusu. Honoré alibembeleza, akawaonyesha viatu vingine, akatishia kuvichukua vyote viwili, wala hakuna aliyelegeza vidole. Wateja wengine wakaacha kununua, wakasimama kutazama. Hapo ndipo Honoré alipochoka.

"Kila mutu alipe nusu, mutoke kwa bâche yangu," alisema, akionyesha turubai. "Mengine mutamalizia kwenu."

Wakalipa, kila mmoja akiamini mwenzake atachoka kwanza, wakaondoka kila mtu na mguu wake.

Yule mama aliitwa Musoki. Aliishi mtaa wa Lumumba, akiuza samaki wa chumvi sokoni, na hakuwa mtu wa kuchoka. Wiki zikapita. Kiatu cha kushoto kilikaa juu ya kabati la Godelive, kimefunikwa kitambaa safi, na Étienne, mume wake, dereva wa pikipiki za abiria, kila akipita hapo alikipa heshima zake.

"Bibi, kiatu umepata," alisema siku moja. "Imebaki tu kutafuta munganga akukate mguu moja."

Godelive hakucheka. Alikuwa mwimbaji wa kwaya parokiani, na siku ya Jumapili, wakati wa kupeleka vipaji vya sadaka, kwaya hucheza hatua kwa hatua hadi mbele ya altare, macho ya parokia nzima yakiwa miguuni pao. Kucheza na viatu vya zamani huku akijua kilichoko juu ya kabati kulimuuma kama jino.

Ukombozi ulikuja siku aliposikia kwamba Musoki ni Msabato. Msabato husali Jumamosi. Mkatoliki husali Jumapili. Viatu vyenyewe havijui dini. Godelive akafunga safari hadi kwenye meza ya samaki na kutoa shauri lake, na Musoki, baada ya kumtazama kwa muda mrefu kama anayepima uzito wa sangara, akakubali. Jumamosi mpaka jua lizame, jozi ni ya Musoki. Jua likishazama, na Jumapili nzima, ni ya Godelive. Siku nyingine zote kila mtu alale na kiatu chake nyumbani kwake, asije mtu akatoroka na vyote.

Mkataba ukafanya kazi kuliko mikataba mingi tunayoisikia redioni. Jumapili viatu viliingia kwa Wakatoliki vikinuka samaki kwa mbali, na Jumamosi vikaingia kwa Wasabato vikinukia ubani. Kila mmoja wa wale wanawake alijiona amemzidi mwenzake akili.

Kisha Claire akapata mchumba, na Godelive akawa marraine, yaani msimamizi wa bibi harusi, anayetembea ubavuni pake. Mtoto aliyeingia Bunia mgongoni mwake sasa angeingia kanisani mkononi mwake, na safari hii watu wangetazama miguu yake wapendavyo. Alikuwa ameshaiona siku hiyo yote kichwani, kuanzia kifungo cha dhahabu kwenda juu, ndipo akaambiwa tarehe. Ilikuwa Jumamosi, saa nane za mchana. Aliuma ulimi, kwa sababu maneno "mpaka jua lizame" yalitoka kinywani mwake mwenyewe.

Akaenda sokoni kwa unyenyekevu.

"Mama Musoki, ile Jumamosi uniazimie kiatu yako."

"Ile Jumamosi iko Meza ya Bwana kwetu," Musoki alisema, akigeuza samaki. "Haifikake kila juma. Unataka niende Meza ya Bwana na ndala?"

"Iko ndoa ya mutoto wangu. Mi njo marraine."

"Ndoa ifanyike dimanche, siku yenu ya kusali. Si weye njo ulisema, mpaka jua izame?"

Godelive alirudi nyumbani akiongea peke yake. Lakini usiku, akiwa anashona pindo la gauni lake la harusi, akakumbuka jambo. Wasabato, kabla ya kukaribia Meza ya Bwana, huoshana miguu. Na hakuna binadamu aoshwaye miguu na viatu vyake. Kwa hiyo Jumamosi ile, kabla ya saa nane, vile viatu vingekuwa vimevuliwa na kuwekwa sakafuni, na mwenyewe angekuwa na miguu yenye maji, asiyeweza kumkimbiza mtu. Dhamiri ikamuuliza kama huo si wizi. Akaijibu kwamba cha kushoto ni chake kwa haki, na cha kuume kingemfuata mwenzake tu, maana kiatu hakitembei peke yake. Dhamiri ikanyamaza, ingawa haikuonekana kuridhika.

"Nasikiaka batu banaiba ngombe, banaiba pikipiki," Étienne alisema asubuhi ya Jumamosi ile, akimngoja avae. "Weye unaenda kuiba kiatu yako mwenyewe kwa kanisa ya batu." Hata hivyo alimpeleka, akabaki nje, pikipiki ikinguruma.

Godelive aliingia akiwa na gauni la harusi na ndala miguuni, akikusudia kukaa nyuma karibu na mlango. Hakuwajua Wasabato kwa ukarimu. Walimpokea kwa mikono miwili, wakamketisha mstari wa mbele, wakamsimamisha ajitambulishe, wakampigia makofi. Musoki alikuwa kiti cha pili kutoka kwake, akimtazama tangu ndala hadi kilemba.

Mahubiri yalipokwisha, wanawake wakaingia chumba chao, penye mabeseni na taulo, wakaimba kwa sauti ya chini. Desturi ni wawili wawili, na kabla ya kurudi kanisani kila mtu amwombe mwenzake msamaha. Mama shemasi akauliza nani atamwosha mgeni.

"Mi njo namujua," Musoki alisema. "Tutaoshana na yeye."

Musoki akaketi, akafungua vifungo, akavuta. Kiatu hakikutoka. Akavuta tena, jasho likamtoka, kiatu hakijali. Mwishowe Godelive, aliyekuja kuiba, ilimbidi apige magoti, ashike kisigino kwa mikono miwili na kumsaidia mwenye mali. Kilipochomoka aliuona mguu. Kidole kidogo kilikuwa kimejikunja chini ya jirani yake, ukucha wa kidole gumba umegeuka mweusi, na kifundo kina plasta juu ya plasta.

"Weye unavalaka numero ngapi?" alinong'ona.

Musoki akatazama beseni. Si mahali pa kusemea uongo. "Quarante."

"Na hii iko trente-huit." Mguu wa arobaini ndani ya kiatu cha thelathini na nane.

"Najua."

Godelive akamwosha polepole, akiukwepa ule ukucha. Kisha wakabadilishana, na Musoki, na ukubwa wake wote, akashuka magotini, akaushika mguu wa Godelive. Akauona mpaka nyuma, pale ngozi ilipobambuka kwa kuchezacheza ndani ya kiatu.

"Na weye?"

"Trente-sept. Iko kubwa kwangu. Natiaka pamba kwa mbele."

Walitazamana. Kicheko kikaanzia tumboni kwa Musoki, akajaribu kukimeza kwa heshima ya mahali, kikatokea puani, maji yakamwagika. Mama shemasi akakohoa. Godelive alikuwa ameficha uso kwenye taulo.

"Unisamehe," Musoki alisema alipopata pumzi. "Ile siku niliona macho yako mbele ya kushika. Nilijua unaitaka. Njo maana nilishika."

"Unisamehe na miye. Nilikuja kuiba. Bwana yangu iko inje ananingoja."

Musoki akamkausha kidole kimoja kimoja, kama akaushwavyo mtoto. Tangu Godelive aingie Bunia, watu wameitazama miguu yake kwa huruma au kwa wivu, lakini hakuna aliyewahi kuishika. Alitaka kulia, akaona aibu, akalia. Musoki akamsogezea viatu vyote viwili, akavuta zile ndala upande wake.

"Uvale, uende. Lakini jua ikizama nakuja kwa feti ya ndoa. Hapana zawadi, eh. Iko mukopo."

Saa nane Godelive aliingia kanisani mkono kwa mkono na Claire, pamba vidoleni, kisigino kikigonga sakafu, na hakuna aliyegeuza uso. Alifurahi mpaka akasahau kuimba.

Jioni, katika ukumbi wa sherehe, maharusi wakaingia wakicheza, na katikati ya wimbo kisigino cha kiatu cha Claire, kimoja cha viatu vya kukodi vilivyokuja pamoja na gauni, kikakatika. Claire akavivua, akaendelea kucheza akitabasamu, huku akivuta pindo la gauni lifunike miguu. Godelive, ambaye kila kitu hukitazama kuanzia chini, aliiona. Ilikuwa ile ile miguu iliyoning'inia mbavuni mwake njia nzima kutoka Djugu, mitupu. Kwenye meza ya jirani mama mmoja aliitazama, kisha akageuza uso.

Musoki alikuwa ameshafika, ameketi kando yake na zile ndala. Naye alikuwa ameona.

"Huyu mutoto iko numero ngapi?" aliuliza.

Jibu lilimtoka Godelive kwa shida. "Trente-huit."

Wakavitazama vile viatu miguuni mwa Godelive. Musoki akashusha pumzi kama mtu anayetua gunia. "Lakini kila mutu atatoa ya kwake," alisema. "Batu bajue."

Ukafika wakati wa zawadi, ambapo kila kitu hutangazwa kwa kipaza sauti. Mshereheshaji, Josaphat, alikuwa ameshasoma masufuria, magodoro na mbuzi mmoja, alipojikuta ameshika kitu asichokielewa.

"Mama Godelive, marraine, anatoa kiatu," alisema. Akakigeuza. "Moja. Ya kushoto."

Akapokea kingine.

"Mama Musoki, rafiki ya familia, anatoa kiatu. Moja. Ya kuume."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Claire akaingiza miguu, na viatu vikamkaa bila pamba wala kuvutwa, kana kwamba vilikuwa vinamtafuta yeye tangu balo lifungwe. Alimkumbatia mama yake mdogo na hakumwachia upesi. Moyo wa Godelive ulikuwa unafurahi na kuuma kwa wakati mmoja. Miguu yake ilifurahi tu.

Sherehe ilipokwisha, Étienne aliwakuta wanawake wawili mlangoni wakilitazama tope la njiani, mmoja peku, mwingine na ndala za mwenzake. Musoki akafikiri, akavua ndala ya kushoto, akamnyooshea Godelive.

"Hapana," Godelive alisema. "Leo nipe ya kuume."